Mufti si Kadhi: Maprofesa wa Sheria Magazetini, Kutoka Mombasa Hadi Bankstown



Anayeshuka Bankstown, kusini-magharibi ya jiji la Sydney, hahitaji kutembea sana kutoka stesheni kufika kwenye uwanja wa majani uitwao Paul Keating Park. Pembeni yake ipo maktaba ya mji, na hapo hapo karibu limesimama jengo refu la Chuo Kikuu cha Western Sydney lililofunguliwa mwaka 2023. Mji wenyewe ni wa wahamiaji. Kiarabu na Kivietinamu unavisikia madukani kama unavyokisikia Kiingereza, na sisi wa Afrika ya Mashariki nasi tumo humo, ingawa hatujafikia kuwa na mtaa wetu. Makamu mkuu wa chuo hicho, aliyeshika kazi Julai 2024, ni George Williams. Kabla ya hapo alikuwa profesa wa sheria ya katiba katika Chuo Kikuu cha New South Wales, na kwa miaka mingi hapakuzuka jambo la katiba nchini Australia ambalo magazeti, redio na televisheni hazikumuuliza yeye, au kumuuliza Anne Twomey wa Chuo Kikuu cha Sydney.

Nimeona nilete mada hii kwa sababu sisi wenyewe, kila likizuka jambo la katiba kwetu, liwe la Muungano, la uchaguzi au la uraia, jambo la kwanza tunalofanya ni kutafuta profesa fulani kasema nini. Akisema tunalolipenda tunamwita bingwa. Akisema tusilolipenda tunauliza kalipwa na nani. Wachache sana wanaouliza: hivi neno la profesa wa sheria gazetini lina uzito gani, na uzito huo unatoka wapi?

Kwa maoni yangu, uzito wake hautoki kwenye cheo chake, wala hautoki kwenye kubahatisha sawasawa mahakama itaamua nini. Unatoka kwenye kusemwa hadharani, kwa lugha ambayo msikilizaji anaifahamu, na kusemwa na mtu ambaye wenzake wanaweza kumjibu. Kimoja katika hivyo kikikosekana, neno lile linakuwa kitu kingine kabisa, na historia ya hapa Bankstown na ya kwetu inaonyesha hivyo.

Kwetu pwani tofauti ninayoisema tunaijua tangu utotoni, ila hatuitumii kwenye mambo ya serikali. Kadhi anahukumu, na hukumu yake inashika. Ukiambiwa mke ameachika, ameachika. Ukiambiwa nyumba igawanywe, inagawanywa. Mufti anaulizwa swali, anatoa fetwa, na muulizaji anaondoka nayo. Fetwa haina askari nyuma yake. Nguvu yake ni elimu ya mwenye kuitoa, uadilifu wake, na kule kujulikana kwamba wanazuoni wengine wataisikia na kuipinga kama ina kasoro. (Najua kwamba Zanzibar ina Ofisi ya Mufti iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2001, na namna mufti anavyogeuka mtumishi wa serikali ni mada inayotaka makala yake. Hapa nazungumzia asili ya kazi.) Sasa profesa wa sheria anayehojiwa kwenye taarifa ya habari ni mufti. Si kadhi. Watu wengi wanaomsikiliza humdhania kadhi, na hapo ndipo matatizo yanapoanza.

Wala tusidhani kwamba kazi hii ya mwanazuoni wa sheria kuandika gazetini imeletwa kwetu na vyuo vikuu. Mwaka 1930, Mombasa, Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alianza kutoa karatasi yake iliyoitwa Sahifa, na mwaka 1932 akaanzisha gazeti la al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Alikuwa mwanazuoni wa fiqhi aliyeona kwamba darsa ya msikitini haiwafikii watu wote, akaamua kuwafuata walipo. Aliandika juu ya elimu, pamoja na elimu ya wasichana, juu ya bidaa, na juu ya kuwaiga Wazungu bila ya kupima. Wapo waliokasirika, na walijibu. Ndiyo faida ya gazeti hiyo: hasira yao nayo ilikuwa ya hadharani. Gazeti halikudumu muda mrefu. Sheikh al-Amin akawa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya hadi kufa kwake mwaka 1947. Yaani aliyekuwa akitoa rai gazetini aliishia kwenye kiti cha hukumu. Tuliweke jambo hilo akilini, kwa sababu litajirudia Dar es Salaam na Nairobi.

Turudi Bankstown. Huyo Paul Keating ambaye uwanja umepewa jina lake alikulia mji huu, na tangu mwaka 1969 alikuwa mbunge wa jimbo la Blaxland, ambalo wakati huo Bankstown ilikuwa ndani yake. Tarehe 21 Oktoba 1975 Waziri Mkuu Gough Whitlam alimpa uwaziri wake wa kwanza. Akaushika kwa wiki tatu tu. Tarehe 11 Novemba, baada ya Seneti kuizuilia serikali bajeti kwa wiki kadhaa, Gavana Mkuu Sir John Kerr alimfukuza Whitlam na serikali yake yote.

Katiba ya Australia, iliyoanza kutumika mwaka 1901, haimtaji hata mara moja waziri mkuu. Sehemu kubwa ya utawala wa nchi hii inaendeshwa kwa mazoea yasiyoandikwa, na ndiyo maana wataalamu wa katiba hutafutwa sana. Katika wiki zile za 1975 maprofesa wa sheria walibishana waziwazi: Seneti ina haki ya kuzuia bajeti au haina? Gavana Mkuu anaweza kutenda bila ya ushauri wa waziri mkuu au hawezi? Geoffrey Sawer, profesa wa mwanzo wa sheria katika Chuo Kikuu cha Taifa huko Canberra, baadaye alitoa kitabu kizima juu ya mgogoro huo, mwaka 1977. Ubishi huo wote uliweza kusomwa na mtu yeyote mwenye senti za kununulia gazeti.

Lakini fetwa iliyoamua mambo haikuwa hiyo ya magazetini. Tarehe 10 Novemba, Jaji Mkuu Sir Garfield Barwick alimpa Kerr ushauri wa maandishi kwamba anayo mamlaka ya kumfukuza Whitlam, na ushauri huo ulitolewa kwa siri, baada ya Whitlam mwenyewe kukataa Kerr asimwendee Barwick. Barua hiyo ilijulikana baada ya kazi kwisha. Jaji mwingine wa mahakama ile ile, Sir Anthony Mason, naye alikuwa akimshauri Kerr kwa chini, na hilo halikujulikana hadi mwaka 2012, mwanahistoria Jenny Hocking alipolitoa. Barua za Kerr na Ikulu ya Malkia nazo zilifunguliwa Julai 2020, baada ya Hocking kushitaki mpaka Mahakama Kuu.

Tazameni basi. Kadhi amefanya kazi ya mufti, tena gizani. Huenda Barwick alikuwa sahihi kisheria, huenda hakuwa. Wanasheria wa hapa wanabishana mpaka leo. Lakini ushauri wake haukupata nafasi ya kujibiwa kabla haujafanya kazi. Wapiga kura wa Blaxland waliamka asubuhi wana waziri, jioni hawana, na hoja ya kisheria iliyomwondoa hawakuisoma mpaka baadaye. Kosa la profesa lililochapwa gazetini Jumatatu, profesa mwenzake atalisahihisha Jumatano. Kosa lililomo ndani ya barua ya siri linasahihishwa na wanahistoria, na kwa hili la 1975 tumesubiri miaka arubaini na zaidi.

Keating mwenyewe, alipokuwa Waziri Mkuu, mwaka 1993 aliunda kamati ya kushauri jinsi Australia inavyoweza kuwa jamhuri, na miongoni mwa wajumbe alimtia George Winterton, profesa wa sheria ya katiba. Safari hii ushauri ulichapishwa. Kura ya maoni ya tarehe 6 Novemba 1999 ikaikataa jamhuri kwa karibu asilimia 55. Angalau walioikataa walikuwa wamepewa karatasi wazisome.

Sasa niingie kwenye jambo linalotugusa wahamiaji moja kwa moja. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 Bunge la Australia lilitunga sheria za ugaidi kwa wingi wa kushangaza. Williams alizihesabu, akapata 54 katika miaka kumi. Kwa mtu wa Bankstown mwenye jina la Kiislamu, hesabu hiyo haikuwa somo la darasani. Mwaka 2015 ikaja sheria ya kumvua uraia mtu aliyefanya vitendo vya ugaidi, bila ya mahakama kulazimika kuamua kuvuliwa huko. Wanasheria wa vyuo vikuu, Williams na Twomey miongoni mwao, walieleza hadharani na mbele ya kamati ya Bunge kwamba mpango huo una matatizo ya kikatiba, kwa sababu kuadhibu ni kazi ya mahakama, si ya waziri. Serikali ikapitisha sheria yake Desemba 2015, ikaibadilisha mwaka 2020, na tarehe 8 Juni 2022 Mahakama Kuu, ambayo kwa hapa ndiyo mahakama ya juu kabisa, ikakibatilisha kifungu muhimu kwa majaji sita dhidi ya mmoja, kwa sababu hiyo hiyo: waziri amechukua kazi ya mahakama. Novemba 2023 kifungu kingine nacho kikaanguka. Serikali ikatunga sheria mpya mwezi uliofuata, na humo aliyepewa uwezo ni hakimu.

Hapa kuna jambo ambalo nadhani wengi wetu hatukulitia maanani. Sheria ile ya 2015 ilimhusu mwenye uraia wa nchi mbili tu, kwa sababu Australia haikutaka kumwacha mtu hana nchi. Chukulia majirani wawili wa Bankstown, mmoja Mkenya mmoja Mtanzania, walioapa uraia wa Australia siku moja kwenye ukumbi mmoja. Mkenya wa kuzaliwa, tangu Katiba ya tarehe 27 Agosti 2010, hapotezi uraia wake kwa kuchukua wa nchi nyingine. Basi yeye ana nchi mbili, na sheria ile inamhusu. Mtanzania, kwa Sheria ya Uraia ya 1995, alipoteza uraia wa Tanzania pale pale alipochukua wa Australia kwa hiari yake. Basi yeye ana nchi moja, na sheria ile haimgusi. Cheti ni kimoja, picha walipiga pamoja, lakini usalama wao kisheria haulingani, na tofauti hiyo imetoka Nairobi na Dar es Salaam. Nani aliwaeleza? Waziri hakuwaeleza. Vitu kama hivi ndivyo profesa wa sheria anapaswa kuvieleza redioni, na akivieleza vizuri ameifanya kazi yake hata kama mahakama baadaye itampinga.

Nasema hata kama itampinga kwa sababu kuna watu wanaomhukumu mtaalamu kwa kubashiri tu. Mwaka 2017 hapa wabunge kadhaa waligundulika wana uraia wa nchi nyingine, jambo ambalo kifungu cha 44 cha Katiba kinalikataza. Waziri Mkuu Malcolm Turnbull, ambaye naye ni mwanasheria, alisimama bungeni akasema kwa uhakika kwamba Mahakama Kuu itamwacha naibu wake, Barnaby Joyce, aendelee na kiti chake. Tarehe 27 Oktoba 2017 mahakama ikawaondoa watano kati ya saba, Joyce akiwemo. Hiyo ndiyo hatari ya mufti kuvaa joho la kadhi. Mtaalamu mzuri katika wiki zile alikuwa yule aliyemwambia mtazamaji: kifungu kinasema hivi, kesi ya mwaka 1992 iliamua hivi, na hapa ndipo penye shaka.

Mfano wa mwisho wa Australia ni kura ya maoni ya tarehe 14 Oktoba 2023, ya kuwapa Waaborijini na watu wa Visiwa vya Torres chombo chao cha kusikilizwa na Bunge, kilichoitwa Sauti. Serikali iliunda jopo la wataalamu wa katiba, na Twomey, Williams na Greg Craven walikuwemo. Craven ni profesa wa sheria mwenye msimamo wa kihafidhina. Aliiunga mkono Sauti, lakini maneno fulani ya rasimu hakuyapenda, na aliyakosoa magazetini kwa ukali. Ilipofika Julai 2023, kijitabu rasmi cha kura kikatolewa, chenye hoja za Ndiyo na hoja za Hapana. Upande wa Hapana ukawa umenukuu ukosoaji wa Craven. Mwenyewe akalalamika sana kwamba yeye ni mtu wa Ndiyo, na kwamba maneno yake yametumiwa kinyume na alivyokusudia.

Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Siwalaumu sana wa Hapana. Maneno aliyasema, na aliyasema hadharani. Ninachokiona ni kwamba fetwa ikishaingia gazetini huwa mali ya kila mtu, na masharti yake ndiyo ya kwanza kudondoka njiani. Sauti ikashindwa kwa asilimia 60, majimbo yote sita yakaikataa, na jimbo la Blaxland nalo lilikuwa upande wa Hapana. Maprofesa walijibu kwa uhodari swali la kama Sauti inapatana na Katiba. Watu wengi wa Bankstown, nionavyo mimi, swali lao lilikuwa jengine: hii inanihusu nini mie, niliyekuja juzi? Hilo si swali la sheria, na profesa wa sheria si wa kulaumiwa kwa kutolijibu. Lakini wanasiasa waliotegemea kwamba fetwa itawapigia kampeni walikosea.

Nyumbani kwetu je? Kwa Tanzania lazima tuanze na Issa Shivji, aliyefundisha sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu mwaka 1970 hadi alipostaafu 2006. Mhadhara wake wa uprofesa juu ya misingi ya kisheria ya Muungano ulichapwa mwaka 1990, wakati ambapo kuuhoji Muungano hadharani kulikuwa ni kujitafutia balaa. Baada ya hapo aliongoza Tume ya Rais ya Ardhi, 1991 na 1992, na serikali ikayaacha mengi ya msingi aliyoyapendekeza. Hakunyamaza, aliyahamishia magazetini, na makala zake zilikusanywa kwenye kitabu mwaka 2006. Mwaka 1992 yeye na marehemu Profesa Haroub Othman walishiriki kuanzisha Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, ili sheria imfikie na mtu wa shamba. Basi mwaka 2008, Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliposema bungeni kwamba Zanzibar si nchi, na visiwa vikawaka moto, waliokuwa wamesoma hoja ya Shivji ya 1990 walikuwa na cha kuzungumzia zaidi ya hasira. Zanzibar ikaja kuijibu Dodoma kwa marekebisho ya Katiba yake ya mwaka 2010. Miaka 18 maneno ya profesa yamekaa rafuni yakisubiri siku yake.

Kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila inaonyesha upande mwingine. Mtikila alidai tangu mwaka 1993 kwamba raia ana haki ya kugombea uchaguzi bila ya chama. Mahakama Kuu ilikubaliana naye mwaka 1994, serikali ikabadilisha Katiba. Akarudi tena, Mahakama Kuu ikamkubalia tena mwaka 2006. Serikali ikakata rufaa, na Mahakama ya Rufani ikawaita wasomi watatu wawe marafiki wa mahakama: Profesa Palamagamba Kabudi, Profesa Jwani Mwaikusa, wote wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Othman Masoud Othman, aliyekuwa Mkurugenzi wa Mashtaka wa Zanzibar. Hiyo ni fetwa katika sura yake iliyo safi: imeombwa na mahakama yenyewe, imesemwa mbele ya pande zote, na kila upande una nafasi ya kujibu. Juni 2010 mahakama ikaamua kwamba jambo hilo ni la kisiasa, liende Bungeni. Miaka mitatu baadaye, tarehe 14 Juni 2013, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, ikasema Tanzania imevunja haki za Mtikila. Na mgombea binafsi mpaka hivi leo hayupo.

Lakini tuwafuate wale marafiki watatu. Mwaikusa aliuawa kwa risasi nyumbani kwake Dar es Salaam Julai 2010 (siunganishi kifo hicho na kesi hii, naandika tarehe tu). Othman Masoud akawa Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar, akaenda kwenye Bunge la Katiba Dodoma, akapiga kura ya Hapana kwa baadhi ya vifungu, na Oktoba 2014 akaondolewa kazini. Mwaka 2021 akarudi akiwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar. Kabudi alikuwa mjumbe wa Tume ya Jaji Warioba iliyopendekeza serikali tatu, na alikuwa miongoni mwa waliozieleza hoja za Tume kwa ufasaha mkubwa. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 ikaahirishwa, na mwaka 2017 Kabudi akateuliwa Waziri wa Katiba na Sheria. Kanda zake za zamani watu wakazitoa wakazisikiliza upya.

Nairobi mambo ni hayo hayo. Githu Muigai, mwalimu wa sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyezoeleka kwenye televisheni, akawa Mwanasheria Mkuu wa Serikali 2011. Kivutha Kibwana alitoka kwenye harakati za katiba akaingia bungeni 2002, na 2013 akawa gavana wa Makueni. Makau Mutua aliandika kwa miaka safu kali kwenye gazeti la Nairobi huku akifundisha sheria Buffalo, Marekani, yaani mhamiaji kama sisi. Mwaka 2022 akawa msemaji wa kampeni ya Raila Odinga, na 2025 mshauri wa Rais Ruto katika mambo ya katiba.

Je, ni dhambi? Mimi sisemi hivyo. Sheikh al-Amin naye alikubali ukadhi, na Mombasa haikupata hasara kwa hilo. Nchi yenye wanasheria wachache itawatafuta wapi mawaziri na majaji kama si huko huko? Ninachosema ni kwamba siku mufti anapopewa kiti, kazi yake imebadilika, na msikilizaji ana haki ya kuhesabu tarehe. Aliyoyasema kabla ya uteuzi ni rai ya mwanazuoni. Anayoyasema baada yake ni maneno ya serikali. Ya kwanza hayabatiliki kwa sababu mwenyewe ameyaacha. Hoja ya serikali tatu iliyokuwa nzuri 2013 haikuharibika 2017 kwa sababu aliyeieleza amehama meza. Tena ndiyo sababu nyingine ya kutaka maneno haya yasemwe hadharani na yaandikwe, maana yakishaandikwa hata mwenyewe hawezi kuyafuta.

Nimalizie na lugha, kwa sababu hapa ndipo ninapoona sisi wenyewe tuna deni. Redio ya wahamiaji ya Sydney, 2EA, ambayo baadaye ilizaa SBS, ilianza Juni 1975, miezi michache tu kabla ya Whitlam kufukuzwa, na ilianzishwa ili kuwaeleza wahamiaji kwa lugha zao mpango mpya wa bima ya afya. Yaani kazi yake ya kwanza ilikuwa kufasiri sheria. Kiswahili kiliingia SBS mwaka 2013. Mtu akiona ni jambo dogo, akumbuke Agosti 2021, wakati wa korona. Wilaya 12 za Sydney, Canterbury-Bankstown ikiwemo, ziliwekewa amri ya kutotoka nje tangu saa tatu za usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Wanajeshi walikuwa barabarani pamoja na polisi, na mitaa ya ufukweni mashariki haikuwekewa amri hiyo. Amri zilibadilika mara kwa mara, kwa Kiingereza cha kisheria. Mama anayekwenda kusafisha ofisi usiku hakuhitaji mjadala wa uhuru wa mtu na madaraka ya serikali. Alihitaji mtu anayeijua sheria amwambie: wewe unaruhusiwa kutoka, beba karatasi hii, ukisimamishwa sema hivi.

Kwetu nako hukumu ya Mtikila, ya kesi iliyomhusu kila mpiga kura wa Tanzania, iliandikwa kwa Kiingereza. Ni mwaka 2021 tu ndipo sheria ilipobadilishwa Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Maprofesa wetu wengi wanaandika Kiingereza gazetini, kisha mwandishi wa habari anafupisha kwa Kiswahili, na katika kufupisha zile "huenda" na "isipokuwa" zinapotea, kama zilivyopotea za Craven. Sheikh al-Amin, miaka karibu mia moja iliyopita, na elimu yake yote ya Kiarabu, aliona ni lazima aandike Kiswahili. Kati yetu wamo wanasheria, wamo wafasiri, wamo walimu wa lugha. Tukishindwa kumweleza jirani wa Bankstown, kwa Kiswahili kinachoeleweka, kama uraia wake uko salama au hauko, sijui usomi wetu huku ughaibuni unamfaa nani.

Basi tukimsikia profesa redioni tumuulize mambo matatu. Amesema hadharani, au tunasimuliwa alivyonong'ona? Amesema akiwa amekaa kwenye kiti gani, na tarehe gani? Na ametueleza sheria, au ametueleza anavyotamani mahakama iamue? Akifaulu hayo tumshukuru, hata akituudhi.

Naomba kuwasilisha. Mwenye hoja ya kunipinga aje nayo, nipo.